Anza na kusimama: mwongozo kamili wa kupanga elektroniki salama ya gari linalojiendesha

Gari la kawaida likipata hitilafu ya umeme, mhandisi ana jibu jepesi: mfumo ujizime, taa iwake kwenye dashibodi, dereva ashike mwenyewe. Breki ikikosa msaada wa umeme, mguu upo. Usukani ukiwa mzito, mikono ipo. Magari yameegemea jibu hilo kwa miongo mingi, na si jibu baya.

Gari linalojiendesha halina wa kumwachia. Abiria yuko kiti cha nyuma anasoma ujumbe kwenye simu, au gari halina mtu kabisa. Kwa hiyo mpango mzima wa elektroniki yake unasimama juu ya swali moja: kifaa hiki kikifa sasa hivi, ni nini kitakacholisimamisha gari, na litasimama wapi?

Timu nyingi huanza na kompyuta kubwa na kamera, kwa sababu hizo ndizo zinazopendeza kuonyesha kwa wenye mtaji. Breki na umeme huachwa hadi mwisho, wakati nafasi ndani ya bodi imekwisha na bajeti imekauka. Mwongozo huu unakwenda kinyume: tunaanza na kusimama, tunarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye sensa. Mfano wetu ni basi dogo la abiria 12, kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, njia maalumu ya mjini, bila dereva. Kwa ngazi za SAE J3016, kiwango cha wahandisi wa magari kinachopanga uwezo wa gari kujiendesha kuanzia 0 hadi 5, hilo ni gari la ngazi ya 4: linajiendesha bila dereva, lakini ndani ya mazingira yaliyopangwa tu.

Hatua ya 1: Andika gari litafanya kazi wapi, na wapi halitafanya

Karatasi ya kwanza haina mchoro wa saketi hata mmoja. Ina orodha: barabara zipi, kasi gani, mchana au usiku, mvua kiasi gani, ukungu, mteremko mkali kuliko yote, upana wa njia, watu wanaovuka mahali popote au kwenye pundamilia tu. Kila mstari hapa unageuka kuwa gharama baadaye. Ukiandika "usiku", umeshanunua sensa zisizotegemea mwanga. Ukiandika "mvua kubwa", umenunua pampu za kusafisha vioo vya kamera na lida (sensa inayopima umbali kwa miale ya leza).

Usiandike unachotamani, andika kilichopo. Njia ya San Francisco haina bodaboda iliyobeba godoro kwa upana, wala mkokoteni unaorudi kinyume cha magari. Anayepanga gari la Dar es Salaam au Nairobi kwa orodha iliyoandikwa California ameshakosea kabla ya kugusa waya.

Hatua ya 2: Pima hatari bila kumhesabu dereva

Kiwango kinachotumika duniani kote kwa hitilafu za elektroniki za magari ni ISO 26262, kilichotolewa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018. Kinakutaka upime kila hatari kwa mambo matatu: ukali wa majeraha (S), mara ngapi gari hujikuta katika hali hiyo (E), na uwezo wa mtu kuiokoa hali (C). Majibu yakiunganishwa yanakupa daraja la ASIL, yaani kiasi cha ukali wa usalama unaodaiwa, kuanzia A lililo jepesi hadi D lililo zito. Chini ya A ipo QM, maana yake ubora wa kawaida wa kiwanda unatosha.

Tuchukue kupotea kwa nguvu za breki mjini. Ukali ni S3, maana mtu anaweza kufa. Hali ni E4, maana gari hufunga breki kila wakati. Kwenye gari lenye dereva unaweza kutetea C2: watu wengi watakanyaga kwa nguvu zaidi au kuvuta breki ya mkono. S3, E4 na C2 vinatoa ASIL C. Mwondoe dereva, hakuna wa kuokoa chochote, C inakuwa C3, na hatari ileile inapanda hadi ASIL D. Pitia orodha nzima ya hatari za gari la kawaida kwa kalamu hiyo utaona karibu kila kitu kinapanda daraja. Wengi hunakili jedwali la gari la zamani, na C ya zamani ikabaki humo bila mtu kuihoji.

ASIL D inadai kwamba hitilafu za vifaa zinazojitokeza zenyewe na kuvunja lengo la usalama zisifike 10 kwa saa bilioni moja. Pia asilimia 99 ya hitilafu zinazoweza kuleta madhara peke yake ziwe na kinga, na asilimia 90 ya zile zilizojificha zigunduliwe. Namba hizo zinasikika kubwa mno hadi uhesabu saa. Magari 100,000 ya watu binafsi, kila moja likitembea saa moja kwa siku, yanakusanya saa milioni 36.5 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho utaona tukio moja kila miaka mitatu hivi. Magari 100,000 ya abiria yanayofanya kazi saa 16 kwa siku yanakusanya saa milioni 584, na matukio yanakuwa karibu 6 kila mwaka. Kwa hiyo kwa gari linalofanya kazi kutwa, ichukulie namba ya kiwango kuwa ngazi ya chini kabisa unayoruhusiwa, kisha ulenge pazuri zaidi.

Hatua ya 3: Panga namna za kusimama, na uzipime kama kazi nyingine yoyote

Kusimama si kitendo kimoja. Kwa basi letu weka angalau tatu. Ya kwanza: malizia safari hadi kituo kinachofuata, kisha usikubali abiria wengine. Ya pili: sogea pembeni na usimame mahali salama. Ya tatu: simama hapohapo kwenye njia yako, taa za tahadhari zikiwaka. Kila hitilafu kwenye orodha yako ielekezwe kwenye mojawapo, na uandike ni vifaa gani lazima viwe hai ili namna hiyo iwezekane. Kusogea pembeni kunahitaji usukani na jicho la upande. Kusimama kwenye njia kunahitaji breki na usukani wa kushika mstari tu.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157, iliyopitishwa mwaka 2020 kwa magari yanayojishikia njia, inatoa kipimo kizuri cha kuanzia. Gari linapoomba dereva arudi, linampa angalau sekunde 10. Asipojibu linajisimamisha, na kwa kawaida linapunguza kasi kwa mita 4 kwa sekunde mraba au pungufu. Kwa kasi ya kilomita 60, upunguzaji huo unachukua sekunde 4.2 na mita 35 hivi. Mercedes-Benz ilipata kibali cha mfumo wa aina hiyo nchini Ujerumani Desemba 2021, na gari hilo lina breki, usukani na umeme vya akiba ingawa dereva yupo kitini.

Kwa nini nasema kusimama kupimwe kama kazi nyingine? Tarehe 2 Oktoba 2023, San Francisco, gari jingine lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke mtembea kwa miguu na kumrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Gari la Cruise lilifunga breki, likamgonga, likasimama. Kisha programu ikahesabu kuwa ule ulikuwa mgongano wa ubavuni, na kwa mgongano wa aina hiyo utaratibu ulikuwa kusogea pembeni. Likasogea, likimburuta mama yule chini yake umbali wa mita 6 hivi. Hakuna kifaa kilichoharibika siku ile. Utaratibu wa usalama wenyewe ndio uliojeruhi, kwa sababu uliondoka mahali pa kusimama bila uhakika wa kilichopo chini na pembeni. Wiki tatu hivi baadaye mamlaka ya magari ya California ilisimamisha vibali vya kampuni hiyo, na mwishoni mwa 2024 mmiliki wake, General Motors, akaacha kugharamia teksi hizo.

Kwa hiyo weka sharti kwenye mpango: baada ya mgongano wowote gari halisogei hata sentimita moja hadi mtu wa mbali aone na kuruhusu. Sharti hilo likae kwenye kidhibiti cha usalama, nje ya programu kubwa inayokisia.

Hatua ya 4: Hesabu muda ulio nao

Hapa ndipo mpango unapopata meno. Kwa kila hatari jiulize: tangu hitilafu itokee hadi madhara, zinapita milisekunde ngapi? Kugundua na kuchukua hatua lazima viishe kabla ya muda huo.

Mfano wa usukani. Njia ina upana wa mita 3.5, basi letu lina mita 1.8, kwa hiyo kila upande pamebaki sentimita 85. Tuseme kidhibiti cha usukani kimepotoka na kinalisukuma gari upande kwa mita 3 kwa sekunde mraba. Ukigundua na kuchukua hatua ndani ya milisekunde 150, gari limehama sentimita 3.4, na kulirudisha kwa nguvu ileile kunakula nyingine 3.4. Jumla ni sentimita 7, abiria hata hatakumbuka. Ukichelewa hadi milisekunde 500, limehama sentimita 37.5 na lina kasi ya upande ya mita 1.5 kwa sekunde. Kuituliza kunakula sentimita nyingine 37.5, jumla 75. Umebakiwa na sentimita 10 kati yako na pikipiki iliyo njia ya pili.

Fanya hesabu hii kabla ya kuchagua chipu, maana ndiyo inayokuambia kama kompyuta ya akiba inaweza kuwashwa baada ya hitilafu au lazima iwe hai muda wote. Kompyuta inayochukua sekunde 20 kuwaka si akiba ya usukani, iwe na nguvu kiasi gani.

Hatua ya 5: Breki mbili, usukani wenye mioyo miwili

Breki: unahitaji njia mbili za kuzalisha shinikizo, kila moja ina kidhibiti chake, umeme wake na waya wake wa amri. Mpangilio uliozoeleka viwandani ni buusta ya umeme (kifaa kinachoongeza nguvu ya kubana breki) kama njia ya kwanza na pampu ya mfumo wa uthabiti, ule unaozuia gari kuteleza, kama ya pili. Bosch, kwa mfano, huunganisha iBooster na ESP kwa namna hiyo. Breki ya maegesho ya umeme ni ya tatu kwa ajili ya kulishikilia gari likishasimama. Usiihesabu kama breki ya mwendo, inashika magurudumu ya nyuma tu na kwa pole.

Usukani: mota moja yenye koili za seti mbili, kila seti ina saketi, sensa ya pembe na umeme wake. Upande mmoja ukifa, unabaki na nusu ya nguvu. Swali la kujibu kwenye karatasi ni kama nusu hiyo inatosha kugeuza magurudumu gari likiwa limejaa abiria 12 na linakwenda taratibu, maana usukani huwa mzito zaidi kadiri gari linavyopungua kasi. Wengi hupima nusu hiyo kwenye mwendo wa kasi, ikapita, wakafurahi.

Halafu kuna hitilafu iliyojificha. Pampu ya akiba inaweza kufa Januari na isijulikane hadi Juni, siku buusta nayo inapokufa. Kinga yake ni kuipima mara kwa mara. Gari la mtu binafsi hujipima kila linapowashwa, lakini basi letu huwashwa alfajiri na kuzimwa usiku wa manane. Kwa hiyo ratibu vipimo vifupi kwenye vituo: milango iko wazi, gari limeshikwa na breki ya maegesho, njia ya pili inajenga shinikizo na sensa inasoma. Gari lisiruhusiwe kuondoka kipimo kikikataa.

Hatua ya 6: Umeme, mahali ambapo mipango mizuri hufia

Ukiwa na kompyuta mbili, breki mbili na usukani wenye pande mbili, vyote vikilishwa na betri moja ya volti 12, umefunga ndoo mbili kwenye kamba moja. Gawa umeme kuwa pande A na B. Kila upande una betri yake, au upande mmoja una betri na mwingine kibadilishi kutoka betri kubwa ya gari. Katikati weka swichi ya kielektroniki inayokata ndani ya mikrosekunde upande mmoja ukipata shoti, ili usivute volti za mwenzake. Fyuzi ya kuyeyuka na rilei ni polepole mno kwa kazi hii.

Ukubwa wa betri ya akiba hautokani na ampia-saa pekee. Tuseme upande B unahitaji ampia 160 kwa pamoja (usukani, breki, kompyuta ya akiba, taa) kwa sekunde 60 za kusogea pembeni. Hiyo ni ampia-saa 2.7 tu, betri ndogo kabisa inatosha kwenye makaratasi. Lakini betri iliyozeeka inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa miliomu 20. Ampia 160 zikipita hapo, volti 3.2 zinapotea. Betri inayosoma volti 12 ikiwa imetulia inashuka hadi 8.8 papo hapo, na kompyuta iliyopangwa kufanya kazi kuanzia volti 9 inajizima na kuanza upya katikati ya kona. Kwa hiyo pima ukinzani kila siku kwa mzigo halisi wa sekunde moja au mbili. Kusoma volti peke yake hakukwambii kitu.

Na usisahau eathi. Michoro huonyesha pande A na B zimetengana kwa rangi mbili nzuri, kisha fundi wa wayaringi anazifunga zote kwenye bolti moja upande wa kushoto wa boneti, kwa sababu bolti ipo na rangi imeshakwanguliwa. Kutu ikila bolti hiyo, pande zote mbili zinakwenda pamoja. Vivyo hivyo na tundu moja la kupitishia nyaya kwenye ukuta wa injini, soketi moja yenye pini za A na B, na mabano ya kompyuta mbili yaliyo juu ya bomba moja la maji ya kupoza. Chukua mchoro wa bodi wa pande tatu, fuata kila waya wa A kwa kidole, na uliza ni wapi unakaribiana na B. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo kazi yenyewe. ISO 26262 inairuhusu timu kugawa ASIL D kuwa njia mbili za ASIL B kwa sharti kwamba njia hizo ni huru kwelikweli. Bolti ile moja inalifuta sharti hilo.

Hatua ya 7: Kompyuta inayotenda na kompyuta inayokagua

Kompyuta kubwa inayoendesha mitandao ya neva ina mabilioni ya transista na mamilioni ya mistari ya programu. Hakuna atakayekuthibitishia kwamba yote hayo yamefikia ASIL D, na muuzaji anayesema hivyo muombe karatasi. Njia inayotekelezeka ni kugawa kazi: kompyuta kubwa inapanga njia, na mikrokontrola ndogo ya usalama (kompyuta ya chipu moja) inakagua mpango na ndiyo pekee yenye haki ya kutuma amri kwa breki na usukani.

Mikrokontrola za aina hii, mfano familia ya AURIX ya Infineon, zina viini viwili vinavyofanya hesabu ileile, kimoja kikichelewa mizunguko michache ya saa, na saketi inayolinganisha majibu. Tofauti ikionekana, zinatoa kengele. Nje yake ikae chipu nyingine ya umeme inayosubiri jibu sahihi kila milisekunde chache, jibu lisipokuja inafunga njia ya amri. Ila fahamu mpaka wake: viini viwili vikipewa programu yenye kosa, vyote vinakosea sawasawa na kulinganisha kunapita.

Jambo ninalolipendekeza kuliko yote katika hatua hii ni hili. Kila mzunguko, tuseme kila milisekunde 100, kompyuta kubwa itume njia mbili kwa mikrokontrola: njia ya kuendelea, na njia ya kusimama kutoka hapo gari lilipo. Mikrokontrola inakagua zote mbili, kisha inahifadhi ile ya kusimama. Kompyuta kubwa ikifa ghafla, gari halihitaji kufikiri, linatekeleza njia ya kusimama iliyohesabiwa dunia ilipokuwa bado inaonekana. Kwa sekunde 4.2 za kusimama hiyo inatosha mara nyingi, mradi rada ya mbele iliyounganishwa moja kwa moja na mikrokontrola iwe na haki ya kukaza breki zaidi mtu akijitokeza. Njia mpya isipopita ukaguzi, ile ya zamani ndiyo inayotumika. Kamwe usihifadhi njia ya kusimama ambayo haijakaguliwa.

Hatua ya 8: Sensa na saa

Usigawe kamera zote kwa A na rada zote kwa B. Gawa kwa uwezo: kila upande, ukibaki peke yake, uone mbele kwa umbali wa kusimama. Kamera, rada na lida zina udhaifu tofauti, na hilo ndilo unalolipia. Jua la jioni hupofusha kamera bila kuigusa rada. Tope lililorushwa na lori hufunika kamera na lida kwa pamoja.

Saa inasahaulika sana. Sensa mbili zinaunganishwa kwa muhuri wa muda, na kosa la milisekunde 50 kwa kasi ya kilomita 60 ni sentimita 83. Mtu mmoja anageuka kuwa watu wawili, au anatoweka katikati yao. Itendee saa kuu ya mtandao kama kifaa cha usalama: iwe na ya akiba, na kila sensa ilinganishe muda wake na saa ya ndani ya mikrokontrola.

Picha iliyoganda nayo ni hatari isiyopiga kelele. Kamera inatuma fremu ileile mara 30 kwa sekunde, waya ni mzima, namba ya ukaguzi (ile inayoonyesha kama ujumbe umeharibika njiani) ni sahihi, na barabara kwenye picha ni tupu. Kihesabu cha fremu kibadilishwe ndani ya chipu ya kamera yenyewe, maana kikiwekwa na kompyuta inayopokea kitaendelea kuhesabu picha mfu.

Kisha kuna yale ambayo hakuna kifaa kilichoharibika lakini gari halikuelewa. Kiwango chake ni ISO 21448 cha mwaka 2022. Ajali ya Tempe, Arizona, ya tarehe 18 Machi 2018 inafaa kusomwa na kila anayechora saketi. Gari la majaribio la Uber lilimwona mwanamke aliyekuwa akivuka na baiskeli sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ikabadilisha mawazo mara kadhaa: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli. Kila ilipobadilisha jina ilitupa historia ya mwendo wake, hivyo haikujua kwamba anasogea kuelekea njia yao. Ilipotambua hatari kukawa na sekunde 1.2, na kulikuwa na utaratibu wa kusubiri sekunde moja kabla ya kuchukua hatua ili kupunguza breki za uongo. Breki ya dharura ya kiwandani ya gari lenyewe, Volvo, ilikuwa imezimwa wakati mfumo wa Uber ukiendesha. Mama huyo alifariki.

Kwa mchoraji wa saketi funzo liko kwenye hiyo breki ya kiwandani. Ulinzi wa chini, ulio mjinga lakini huru, usizimwe kwa sababu unagombana na ule wa juu. Upangie ngazi: amri kali zaidi ya breki ndiyo inayoshinda, na ugomvi urekebishwe kwenye masafa ya rada na mipaka ya kasi.

Hatua ya 9: Laini za mawasiliano, pamoja na wezi

Laini ya CAN, yaani waya wa pamoja ambao vifaa vya gari hutumiana ujumbe, iliyotambulishwa na Bosch mwaka 1986, bado inafaa kwa amri za breki na usukani. Ni nyepesi, inavumilia kelele, mafundi wanaijua. Data ya kamera na lida ipite kwenye Ethaneti ya magari, mtandao wa waya wenye kasi kubwa zaidi, ikiwa na njia mbili zinazotuma nakala ya kila ujumbe muhimu na kutupa nakala ya pili inapofika. Weka kikomo cha ujumbe kwa kila kifaa, maana kifaa kimoja kilichochanganyikiwa kikianza kutuma bila kukoma kinaweza kuuziba mtandao wote.

Kila amri ibebe vitu vitatu kutoka mwanzo hadi mwisho: kihesabu, namba ya ukaguzi, na utambulisho wa mtumaji. CAN ina namba yake ya ukaguzi, ndiyo, lakini inalinda waya tu. Ujumbe ukiharibika ndani ya kumbukumbu ya geti (kifaa kinachopitisha ujumbe kati ya laini moja na nyingine), unatoka upande wa pili ukiwa na namba mpya na sahihi kabisa.

Usalama dhidi ya wadukuzi hauwezi kuongezwa mwishoni. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu wa redio yake, wakabadilisha programu ya chipu iliyounganisha redio na laini ya CAN, wakagusa breki na usukani wakiwa mbali. Fiat Chrysler ikayaita magari milioni 1.4 yarudi kurekebishwa. Kwa hiyo burudani na mawasiliano vikae nyuma ya geti lisiloruhusu amri za mwendo hata kidogo, amri zote za mwendo zitiwe saini, na chipu zikatae programu isiyo na saini ya mtengenezaji. Sasisho la programu liingie gari likiwa limeegeshwa, na toleo la zamani libaki pembeni hadi jipya lithibitike. Kanuni za Umoja wa Mataifa namba 155 na 156 zinasimamia mambo haya, na tangu Julai 2024 namba 155 ni lazima kwa magari yote mapya Umoja wa Ulaya.

Hatua ya 10: Livunje mwenyewe

Kabla ya abiria wa kwanza, orodha ya hatua ya 3 inageuka kuwa orodha ya kuvunja. Kwenye uwanja uliofungwa, gari likiwa kwenye kona kwa kasi ya juu: ng'oa umeme wa A. Unganisha waya mbili za CAN ziwe shoti. Gandisha picha. Sogeza saa kwa milisekunde 50. Chelewesha kompyuta kubwa badala ya kuizima, maana kuzimika ni rahisi kugundua na kuchelewa ni vigumu. Rekodi milisekunde za kugundua na kuchukua hatua, ulinganishe na hesabu yako ya hatua ya 4. Rudia kwa betri iliyozeeka, kwenye joto kali, gari likiwa na uzito wa abiria wote 12. Matokeo haya ndiyo yanayoingia kwenye hoja ya usalama unayompelekea mkaguzi, kila dai likiwa na ushahidi wake.

Hatua ya 11: Gereji

Gari litagongwa kidogo, kioo kitapasuka, bampa litabadilishwa. Afrika Mashariki tayari inaona mwanzo wa tatizo hili: magari yaliyotumika kutoka Japani yana kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo, kioo kinabadilishwa, na kamera haipimwi upya. Kwenye gari lenye dereva hilo ni kero. Kwenye basi letu, kamera iliyopinda digrii moja inaona kitu cha mita 50 kikiwa karibu sentimita 87 pembeni ya mahali kilipo.

Kwa hiyo kila sensa, betri na kidhibiti kiwe na namba yake ndani ya kumbukumbu ya mikrokontrola ya usalama. Namba ikibadilika, au soketi ya sensa ikichomolewa, gari linakataa kujiendesha hadi kipimo kipya kifanywe na kutiwa saini kwa funguo ya fundi aliyeidhinishwa. Kifaa cha kawaida cha kusomea misimbo ya hitilafu kiweze kuonyesha hitilafu za breki, usukani na umeme wa akiba, lakini kisiweze kuzifuta.